Tangawizi ya kuchachusha mwenyewe nyumbani: iliyonipasukia kabatini, na ninavyofanya sasa

Mpare wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeona na mimi niweke wangu. Habari yenyewe ni kinywaji cha tangawizi. Sizungumzii ile juisi ya kuchemsha na limau inayouzwa kwenye ndoo pale stendi. Nazungumzia ile inayochachuka yenyewe mpaka inapiga gesi kama soda, bila hamira wala dawa ya dukani. Tangawizi, sukari na maji, basi.

Nianze na aibu yangu kabisa ili mjue mnaongea na nani. Mwaka jana mwezi wa pili, joto la Dar mnalijua mwezi huo, saa nane usiku jikoni kukalia kishindo. Mke wangu kanishika mkono: wezi. Mama mkwe, aliyekuja kumwona mjukuu, keshaanza kukemea mapepo chumba cha pili. Nikatoka na panga. Mwizi hakuna. Kuna mlango wa kabati unaning'inia kwa bawaba moja, mfuko wa sembe umechanika kwa vipande vya kioo, na sakafu nzima inanata na kunukia tangawizi. Nilikuwa nimehifadhi chupa tatu za kioo humo. Moja ilikuwa imeshapasuka na mbili zilikuwa zinangoja zamu.

Sikuzigusa. Nililifunika kabati kwa blanketi zito, nikafunga mlango wa jikoni, tukalala sebuleni na mama mkwe hasemi na mtu. Asubuhi nilizifungua kwa taulo lililokunjwa mara nne, mkono nimeunyoosha, uso nimeugeuzia ukutani. Maji yaliruka mpaka darini.

Nilikosea wapi? Nilifuata maelekezo ya mtandaoni yaliyosema "acha kwa joto la kawaida la chumbani, siku saba". Sasa joto la chumbani la nani? Aliyeandika yuko nchi ambayo chumba kina nyuzi 20. Jikoni kwangu Mbagala, Februari, hata usiku hazishuki 29. Chachu kwenye joto la 30 inakwenda karibu mara mbili ya mwendo wake wa 20. Kazi ya siku zao saba kwangu inaisha mapema zaidi, na mimi nilihesabu saba kwa uaminifu kama mtu anayemeza dozi.

Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Kinywaji hiki hakina kalenda. Unaangalia chupa.

Ninavyofanya sasa:

Kwanza natengeneza mbegu, yaani chachu ya kuanzishia. Kopo la kioo la lita moja, naweka nusu lita ya maji, kijiko cha chakula cha tangawizi iliyokwaruzwa PAMOJA NA MAGANDA YAKE, na kijiko cha sukari. Ukimenya umetupa wafanyakazi, maana vijidudu vyenyewe vinakaa kwenye ganda. Osha udongo tu, usisugue. Nafunika kwa kipande cha khanga na mpira wa kufungia noti, ili hewa itoke na nzi asiingie. Kila siku naongeza kijiko cha tangawizi na kijiko cha sukari, nakoroga asubuhi na jioni.

Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, na dawa haichagui kijidudu chako na cha mwingine. Chemsha yapoe, au yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi.

Kwa Dar siku ya pili utaona vipovu pembeni. Siku ya tatu au ya nne ukikoroga kinasema shhhh, tangawizi yote inaelea juu, na harufu ni ile ya tembo la mnazi la asubuhi, bado tamu. Mbegu imeiva.

Halafu kinywaji chenyewe, lita mbili. Natwanga tangawizi gramu 150 kwenye kinu, nachemsha kwenye lita moja ya maji dakika kumi, natia sukari gramu 150, naongeza lita moja ya maji baridi. Ikishapoa kabisa nakamulia ndimu mbili. Narudia: IKISHAPOA. Ukimimina mbegu kwenye maji ya moto umeipika. Nachuja kwa chujio la nazi, natia nusu kikombe cha maji ya mbegu, najaza kwenye chupa za PLASTIKI za soda, naacha vidole vinne juu, nafunga.

Kisha nabonyeza. Chupa ikiwa imetoka kufungwa inabonyea kama shavu la mtoto. Ikiwa ngumu kama tairi la baiskeli lililotoka kujazwa upepo, inaingia kwenye friji saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa usiku. Kwangu Februari inachukua muda wa kama saa 14 hadi 20. Mwezi wa saba inaweza kupita siku moja na nusu.

Karibuni kwa maswali, na matusi kidogo.

---

Siti ya Mbele

Nimekaa. Hapo kwenye mama mkwe na blanketi nimecheka peke yangu kwenye daladala.

---

Jembe Halilimi Mtu

Mkuu hii ni chai, tena ya tangawizi. Sukari na maji vivunje kabati? Mpare mwenyewe angeishitaki chupa kwanza kabla ya kuja kutuandikia.

---

Mpare wa Mbagala

Kesi nilitaka kufungua, nikakosa wa kumwandikia hati.

Ila twende kwa hesabu, maana hata mimi nilidhani ni uchawi mpaka nilipokaa na kalamu. Chachu ikila gramu 4 za sukari ndani ya lita moja ya kinywaji, inazaa takribani lita nzima ya gesi, na hiyo gesi inabanwa humo humo chupani. Soda ya dukani ina lita tatu hadi nne za gesi kwa kila lita. Maana yake gramu 12 hadi 16 tu za sukari zikiliwa, umeshapata soda.

Mimi nimetia gramu 75 kwa lita. Chachu hailiwi na aibu ikaishia kwenye 16. Ukiisahau inaendelea mpaka ijichokee, na zikiliwa zote ni zaidi ya lita 18 za gesi kwenye chupa ya lita moja. Sasa niambie kabati langu lilikuwa na kosa gani.

Plastiki ikizidiwa inavimba tumbo na kitako kinatoka nje, unaonywa mapema. Kioo hakionyi.

---

Mama Naila

Mwanzisha uzi umeeleza vizuri ila mchoyo. Gramu 150 za tangawizi kwa lita mbili ndiyo nini? Mimi nauza juisi Temeke mwaka wa sita, lita mbili natia robo kilo, na hiyo ya kule kwenu Same, vidole vyembamba vyenye nyuzi. Mteja akimeza lazima akohoe kidogo, asipokohoa harudi.

Halafu makapi usitupe. Yaanike juani siku mbili, yasage, weka kwenye chai.

---

Mpare wa Mbagala

Mama Naila, unamwambia Mpare asitupe makapi?

Kuhusu kipimo nakubali. Mimi nyumbani nina watoto. Na tangawizi ya Mamba Miamba nimekulia nayo, milima ile ya Same ukiwa unapanda unaisikia kabla hujaiona. Ikiwa hiyo ndiyo unayopata, mbegu inaamka haraka kwa sababu imetoka shambani juzi na udongo wake. Ile iliyooshwa ikang'aa na kukaa miezi, mbegu yake huwa inasuasua.

---

Bint wa Makunduchi

Assalaam aleykum. Mimi nina swali moja tu na naomba lisigeuzwe ugomvi. Inalevya au hailevyi?

---

Mpare wa Mbagala

Waaleykum salaam dada. Sitakuficha: pale penye gesi ya kuchachuka na kileo kipo. Ni chachu ile ile, inakula sukari, inatoa vyote viwili. Kwa hesabu, gramu 17 za sukari zikiliwa kwenye lita moja zinatoa kama asilimia 1 ya kileo. Ukiiwahi ikiwa na gesi ya kiasi cha soda, itakuwa chini kidogo ya hapo. Ukiiacha siku nyingi inapanda mpaka inakuwa pombe kamili. Kama inafaa kwako au haifai, hilo mimi sina elimu ya kuliamua.

---

Abuu Salmin

Nimchangie dada kidogo. Yamepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akilowekewa zabibu kwenye maji, akinywa siku ile na ya pili mpaka ya tatu, kisha kilichobaki hakinywi tena. Hiyo ndiyo nabidhi. Na pia imepokewa kwamba kinacholevya kwa wingi wake, basi hata kidogo chake ni haramu. Sasa kuna masheikh wanaotazama kama kinywaji hiki mtu akinywa tumbo zima atalewa au la, na kuna wanaosema kaa mbali nacho kabisa. Muulize sheikh wako unayemwamini, umweleze kinavyotengenezwa bila kupunguza neno.

Kwangu mimi nyumbani tunachemsha tangawizi nzito na sukari na ndimu, inakaa kwenye friji kama shira, ukitaka gesi unaichanganya na soda nyeupe isiyo na ladha. Hakuna kilichochachuka, na watoto hawaoni tofauti.

---

Bint wa Makunduchi

Shukran sana. Nitafuata ya shira.

---

Mkinga wa Makete

Wadau mimi nataka kulia. Siku ya sita leo, mbegu imekaa kimya kama maji ya kuoshea vyombo. Tangawizi imezama chini. Hakuna shhhh wala nini. Nimefuata kila kitu.

---

Mpare wa Mbagala

Mkinga, usiku kwenu nyuzi ngapi?

---

Mkinga wa Makete

Juzi asubuhi majani yalikuwa meupe kwa jalidi.

---

Mpare wa Mbagala

Sasa na wewe unataka vijidudu vya watu vitembee bila koti? Isogeze kwenye joto. Iweke jikoni karibu na jiko, kiasi kwamba ukishika kopo linakuwa na joto la mwili na si zaidi. Endelea kulisha kijiko kijiko. Kwa baridi hiyo siku nane hadi kumi ni kawaida. Usiimwage.

---

Mnyalukolo

Mkinga mwenzetu ulanzi, pombe ya mianzi, unaujua halafu hili linakusumbua? Ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtogwa, watoto wanakunywa. Ukikaa unakuwa mkangafu, baba anasahau njia ya nyumbani. Nani alitia hamira? Kwenye ule mbeta wa kugemea chachu ya jana ipo tayari. Hata tangawizi ni hivyo hivyo, ila wewe unaanza bila mbeta wa jana, kwa hiyo subiri.

---

Mkamba wa Machakos

Hapo Mnyalukolo amegonga ndipo. Kwetu pombe ya asali, kaluvu, wazee walikuwa wanatia lile tunda la mwegea likiwa limekaushwa. Pombe ikiisha tunda linaanikwa, linawekwa kando, likitumika tena pombe inaamka siku hiyo hiyo. Tunda lenyewe halina tamu yoyote, ni kama sifongo. Chachu ndiyo inalala mle ndani.

Mimi hii ya tangawizi nimefanya mwaka wa pili sasa na mbegu yangu sijaitupa. Naiweka kwenye friji, naipa kijiko cha sukari na cha tangawizi kila Jumapili nikitoka kanisani. Nikitaka kutumia naitoa usiku mmoja kabla.

---

Mbongo wa Leeds

Nikiongezea: huku Uingereza watu walikuwa na mbegu ya namna hiyo, punje punje kama sago zilizolowa, nyumba inagawia nyumba. Waliiita mmea wa bia ya tangawizi (ginger beer plant) ingawa si mmea. Mtaalamu wa mimea Harry Marshall Ward aliichunguza, akachapisha matokeo mwaka 1892, akaonyesha kwamba ni chachu na bakteria wanaoishi pamoja, huyu anamtengenezea mwenzake mazingira. Ile ya Mpare haina punje lakini ushirika ni ule ule: chachu inatoa gesi, bakteria wanatoa uchachu.

Na hapa kwangu jikoni ni nyuzi 18. Siku zao saba ni za kweli huku.

---

Mwana wa Lubumbashi

Jambo bandugu. Kwetu Kongo tunasema tangawisi. Lakini yetu haichachuki, inatwangwa mbichi, inakamuliwa, inatiwa sukari, na mara nyingi nanasi, inanywewa baridi siku hiyo hiyo. Ni kali, machozi yanatoka. Wanaume wanapenda sana kuinywa jioni, na sababu mnaijua wenyewe, muuzaji anakuangalia anacheka tu.

Lile nanasi ndilo nataka kusema. Mkitia maganda ya nanasi kwenye mbegu inaamka haraka sana.

---

Muganda wa Buguruni

Kweli kabisa. Kwetu kuna munanasi: maganda ya nanasi yanachemshwa na tangawizi na majani kidogo ya chai, sukari, inaachwa. Ya leo ni juisi, ya keshokutwa inaimba.

---

Kungwi Mstaafu

Nje ya mada kidogo wanangu. Kwa nini nikitia tangawizi mbichi kwenye chai ya maziwa, maziwa yanakatika? Miaka arobaini nalaumu muuza maziwa.

---

Mpare wa Mbagala

Shikamoo bibi. Muuza maziwa muombe radhi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, ndicho hicho hicho kinacholainisha nyama ukiipaka. Kinakufa kwa kuchemka. Chemsha tangawizi na maji kwanza mpaka itokote sawasawa, halafu ndipo utie maziwa.

---

Kungwi Mstaafu

Marahaba. Muuza maziwa alishafariki.

---

Jembe Halilimi Mtu

Haya, nimejaribu, chai imekuwa kweli. Ila juu ya mbegu yangu kuna utando mweupe mwembamba kama ngozi ya uji uliopoa. Nimwage?

---

Mpare wa Mbagala

Ukiwa mweupe, mwembamba, umekunjamana na hauna manyoya, huo ni utando wa chachu za hewani. Hauui ila unaharibu ladha. Uondoe kwa kijiko, lisha, koroga mara nyingi zaidi. Ukiona manyoya, au kijani, au nyeusi, au waridi, mwaga yote na kopo lioshwe kwa maji ya moto. Usiondoe juu ukanywa chini. Na usionje ili kuhakikisha.

Ikinuka kama rangi ya kucha au siki kali, imechoka, anza upya.

---

Mama Naila

Mimi nilitaka kuiuza. Wiki iliyopita nilitengeneza dumu la lita tano, nikampa kijana wa bodaboda apeleke kwa mteja Tandika, saa saba mchana. Njiani kizibo kikaruka kikampiga kwenye kofia ngumu. Akaacha pikipiki barabarani akakimbia. Mteja hajapokea simu yangu mpaka leo.

---

Mpare wa Mbagala

Pole dada, na mpe pole kijana. Ushauri wangu usiuze hii, angalau si kwenye dumu. Wewe utaipima vizuri, mteja ataiacha kwenye gari juani saa nne nzima, na jina litakaloharibika ni lako. Anayetaka kuiuza kwa chupa yenye nembo itabidi aende SIDO (shirika la viwanda vidogo) wamwelekeze, halafu TBS (shirika la viwango) wapime, ikiwemo kileo. Kwa sasa hivi ya kwako ya kuchemsha inakulisha. Hii nywa na majirani.

Nyumbani kwangu umeme ukikatika zaidi ya saa nne, kazi ya kwanza ni kuzungukia chupa zote za friji na kuzilegeza vizibo. Friji inaichelewesha tu chachu, haiizuii. Ndani ya wiki moja iwe imeshanywewa.

---

Mama Naila

Sawa nimekuelewa. Lakini robo kilo.

---

Mkinga wa Makete

WADAU IMEAMKA. Siku ya tisa. Niliifunga kwenye sweta la mtoto nikaiweka karibu na jiko la kuni, leo asubuhi inasema shhhh mpaka mke wangu kaamka. Nimeshafunga chupa nne za plastiki.

---

Mnyalukolo

Hongera. Sasa usilale.

---

Mkinga wa Makete

Siku ya tatu ya chupa, zimekuwa ngumu. Friji sina, nimezipanga nje dirishani, baridi ya huku inatosha. Shemeji anakuja Jumamosi, nitafungua mbele yake.

---

Mpare wa Mbagala

Fungua nje ya nyumba, legeza kizibo robo mzunguko, funga, legeza tena, mara tano sita mpaka itulie. Na isitikiswe kabisa.

---

Mkinga wa Makete

Nimefungua. Nilikuwa nimesahau kwamba shemeji ndiye aliyezibeba kutoka dirishani, na alikuja nazo akicheza.

Ni tamu sana. Amekwenda kubadilisha shati.